Asylum: ni neno la mkimbizi au la mgonjwa wa akili?

SWALI: Mimi ni mkalimani hapa Kasulu, nawafasiria Wakongo wanaohojiwa kuhusu madai yao. Kwenye karatasi zao neno asylum limejaa, nami hulitafsiri "hifadhi". Juzi babu yangu, aliyekuwa karani wa reli Nairobi miaka ya 1950, alichungulia karatasi niliyokuwa nayo akacheka: "Asailamu ni Mathari, nyumba ya vichaa. Hao watu wako wanaumwa?" Nikafungua kamusi, nikakuta maana zote mbili zimekaa pamoja. Asili ya neno hili ni nini, maana ipi ilitangulia, na je, "hifadhi" ndiyo tafsiri yake? Mwenzangu mmoja husema "himaya", na baadhi ya Wakongo wenyewe husema "azili".

JIBU: Dada, babu hajakosea, nawe hujakosea. (Ila karatasi za wateja zisifike nyumbani. Hilo tuliache kwa leo.)

Mathari anayoikumbuka babu ilifunguliwa mwaka 1910 kwa jina la Nairobi Lunatic Asylum, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 wakaibadilisha jina ikawa Mathari Mental Hospital. Lakini unajua mambo ya majina ya serikali: kibao hubadilishwa kwa siku moja, midomo ya watu huchukua miaka. Karani wa reli wa miaka ya 1950 bado alikuwa akiita asailamu, na hata leo anaita hivyo.

Kwa umri, maana yako ndiyo kubwa na ya babu ndiyo mdogo wake, tena wamepishana zaidi ya miaka elfu mbili. Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimekunyima utamu wa swali lako. Ukilipasua neno lenyewe, ndani humkuti mkimbizi wala mgonjwa. Unamkuta mkamataji.

Wagiriki wa kale walikuwa na neno sylon, yaani haki ya kukamata. Ilikuwa haki kweli, haikuwa uhalifu. Kila mji wa Ugiriki ulikuwa nchi kamili, una sheria zake na wenyewe. Sasa tuseme mfanyabiashara wa Korintho amekopa kwa mtu wa Athene, kisha kapanda jahazi karudi kwao, deni halilipiki. Mdai hana mahakama ya kumfuata huko. Basi anasubiri bandarini. Akitia nanga Mkorintho mwingine yeyote, hata asiyemjua mdaiwa kwa sura, anamkamata yeye au shehena yake kufidia deni la mwenzake. Mgeni popote alikuwa mtu wa kushikika.

Kigiriki hukanusha kwa kutia a- mwanzoni mwa neno, kama sisi tunavyotia ha- na si-. Asylos ni asiyekamatika. Asylon ni mahali pasipokamatwa mtu. Miji ilianza kuwapa kinga hiyo watu wake maalumu: wafanyabiashara waliohitajika, waigizaji wa tamthilia waliozunguka mji hadi mji. Mahekalu nayo yakawa nayo kwa heshima ya miungu yake. Walatini wakalichukua likawa asylum, na Waingereza wakalipokea hivyo hivyo katika karne ya 15 bila hata kulichonga.

Angalia neno limeahidi nini. Halikusema utalishwa. Halikusema huna hatia, wala kwamba wenyeji watakupenda. Limesema jambo moja tu, kwamba hapa mkono wa anayekutaka haufiki. Likumbuke hilo, maana ndilo litakalotusaidia tukifika kwenye tafsiri.

Kwa kuwa ahadi ilikuwa nyembamba hivyo, watu walibishana kuhusu mpaka wake tangu siku ya kwanza. Kuna kisa cha Athene, kiasi cha mwaka 632 kabla ya Kristo. Mtu mmoja jina lake Kylon alijaribu kuupindua utawala, akashindwa, na wafuasi wake wakakimbilia kwenye sanamu ya mungu wa kike Athena juu ya kilima. Pale hawakuweza kuguswa. Wakuu wa mji wakawabembeleza washuke wakahukumiwe. Wale watu hawakuwa wajinga: kwa masimulizi ya Plutarko, walifunga uzi kwenye sanamu, wakashika ncha yake ya pili, wakawa wanateremka kilima uzi mkononi, ili kinga ya hekalu iwafuate. Njiani uzi ukakatika. Megakles, mkuu wa mji, akasema mungu mwenyewe amewakataa, na watu wake wakawashukia palepale. Waliokimbilia madhabahu nyingine wakachinjwa hukohuko. Ukoo wa Megakles ukabeba laana ya damu ile kwa vizazi.

Mimi kila nikisoma kisa hicho huona mtu anayeshuka mteremko mgongo mbele, jicho liko kwenye uzi.

Wasparta walikuwa na mbinu nyingine. Jemadari wao Pausanias aliposhukiwa uhaini alijitupa ndani ya nyumba ya hekalu. Hawakumgusa. Waliezua paa, wakaziba milango kwa ukuta, wakakaa kumsubiri afe njaa. Alipokaribia kukata roho wakamtoa nje, kifo kisilinajisi hekalu. Kisheria, hakuna aliyemkamata.

Huko Efeso mgogoro ulikuwa wa vipimo. Hekalu la Artemi lilikuwa na eneo lake la kinga, na kila mtawala aliyepita alilivuta. Aleksanda Mkuu alilipanua. Mfalme Mithridates akapanda pembe ya paa, akarusha mshale, na ulipoangukia ndipo ukawa mpaka mpya. Marcus Antonius akaongeza maradufu, hadi kinga ikala sehemu ya mji wenyewe, na wahalifu wakahamia mtaa huo. Kaisari Augusto akaufuta upanuzi wake. Mwaka 22 baada ya Kristo, Baraza la Roma liliita miji ije na ushahidi wa madai yake ya kinga, kwa malalamiko kwamba mahekalu yamejaa watumwa watoro, wadaiwa na watuhumiwa wa makosa ya kunyongwa. Ukisikia leo mwanasiasa wa Ulaya akisema "hawa si wakimbizi wa kweli, wanatumia vibaya utaratibu", jua hotuba hiyo ina karibu miaka elfu mbili. Na hao Warumi waliolalamika ndio waliosimulia kwamba mji wao ulijazwa watu kwa njia hiyohiyo: Romulo alitenga mahali kati ya vichaka viwili kwenye kilima cha Kapitolini, akaita kila mwenye kukimbia, huru na mtumwa, aje awe raia.

Wayahudi walikuwa na miji yao sita, ambayo Biblia ya Kiswahili huiita miji ya makimbilio. Sharti lao lilikuwa kali kuliko la Wagiriki: iliwafaa walioua bila kukusudia tu, na aliyekimbilia humo akivuka mpaka wa mji kabla kuhani mkuu hajafa, mlipiza kisasi anaweza kumwua bila hatia. Tutairudia hiyo "makimbilio".

Sasa Uingereza, ambako ndiko neno lilikopinda.

Kule desturi ya kukimbilia kanisani ilikuwepo kwa karne nyingi, lakini jina lake la kisheria lilikuwa jingine, sanctuary. Mhalifu akiingia kanisani alikuwa na siku 40. Ndani ya siku hizo ama ajisalimishe ahukumiwe, ama akiri kosa mbele ya ofisa wa mfalme na ale kiapo cha kuihama nchi moja kwa moja. Akapewa bandari ya kuondokea, akatembea hadi huko msalaba mkononi, na kama hakukuta chombo alitakiwa aingie baharini kila siku hadi magotini kuonyesha kwamba nia anayo. Bunge lilikomesha haki hiyo mwaka 1624.

Kwa hiyo asylum kwa Waingereza halikuwa neno la mahakama. Lilikuwa neno la wasomi, la kigeni kidogo, lenye heshima na lisilo na kazi maalumu. Neno la namna hiyo ndilo hutafutwa na watu wanaotaka jina zuri la kuweka kwenye kibao. Mwaka 1758 huko Lambeth, London, ilifunguliwa asylum ya mayatima wa kike. Mwaka 1792 ikaja ya watoto viziwi. Mwaka 1801 ikaanzishwa ya kifalme kwa watoto wa askari, Chelsea. Kule Marekani, shule ya viziwi iliyofunguliwa Hartford mwaka 1817 nayo ilijiita asylum. Ungemwambia mtu wa London mwaka 1800 neno hili, angewaza watoto waliovaa sare wakiimba kanisani.

Wagonjwa wa akili waliingia kwenye neno hili kwa mlango huohuo wa huruma, na hapa wengi hukosea wakidhani neno lilikuwa la kikatili tangu mwanzo. Wagonjwa hao walikuwa wakifungwa minyororo kwenye nyumba za watu binafsi, kwenye nyumba za maskini, kwenye magereza. Waliotaka mageuzi walisema: watu hawa wanahitaji mahali ambapo dunia haitawafikia kuwadhihaki na kuwapiga. Huko York, William Tuke na Wakweka wenzake, waumini wa dhehebu moja la Kikristo, walifungua nyumba ya utulivu mwaka 1796, bila minyororo, yenye bustani. Sheria ya mwaka 1808 ikaruhusu kila jimbo kujenga asylum kwa fedha za umma, na ya mwaka 1845 ikalazimisha. Hapo neno lilikuwa bado la Kigiriki kabisa: mahali pasipofikiwa.

Kilichofuata unaweza kukikisia. Majengo yakawa makubwa, yakajaa, yakawa na kuta. Mtu aliingizwa humo kwa hati ya daktari na hakimu, atake asitake, na wengi hawakutoka. Neno lililobuniwa kumzuia mkamataji likageuka jina la mahali unapopelekwa ukishakamatwa. Sijui neno jingine lililojigeuka kiasi hicho bila kubadilisha hata herufi moja. Mwaka 1930 Waingereza wenyewe walilichoka; sheria mpya ikalitupa, ikaweka "hospitali ya magonjwa ya akili". Kwenye makoloni tayari lilikuwa limeshasafiri, na ndivyo lilivyomfikia babu yako.

Usiwacheke Waingereza, maana sisi tunafanya hivyohivyo. London kulikuwa na hospitali iliyoanzishwa mwaka 1247 kwa jina la Bethlehemu, mji aliozaliwa Yesu. Midomo ya watu ikaifupisha ikawa Bedlam, na leo bedlam kwa Kiingereza ni fujo, kelele, kutokuelewana. Kwetu, mtoto wa Dar akifanya mambo ya ajabu wenzake humuuliza, "Wewe umetoroka Mirembe?" Nairobi watakwambia Mathari, Kampala watasema Butabika. Neno mirembe kwa Waganda ni amani, lakini jaribu kulitaja kijiweni Dodoma uone nani atawaza amani. Mahali pa kutibiwa pakishakuwa tusi, mgonjwa huogopa kwenda hata akihitaji. Ndiyo maana, tukiwa kwenye hilo, nakuomba wewe na babu muache "vichaa" na mseme wagonjwa wa akili. Hospitalini ndivyo wanavyosema.

Maana ya mkimbizi haikufa muda wote huo. Ilikuwa ikiendelea pembeni, na mfano mzuri tunao hapa pwani.

Kumbuka kwanza neno letu mtoro. Leo ni mwanafunzi asiyefika shule. Karne ya 19 lilikuwa neno zito, mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kukimbia ni kulekule, lakini mtoro ni neno la anayemtafuta mtu wake, na mkimbizi ni neno la aliyempokea. Nyuma ya Mombasa, kwenye misheni ya Rabai, watoro walijenga na kulima kwa miaka, na wenye watumwa wakawa wanakuja kudai mali yao. Hiyo ndiyo sylon yenyewe, imevaa kanzu. Wamisionari walikuwa na msalaba na shamba. Kinga ya kisheria hawakuwa nayo. Mambo yalitulizwa tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki alipowalipa mabwana fidia na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Walinunuliwa, kwa kweli. Sheria ya wakati ule haikuwa na njia nyingine ya kusema "huyu hakamatwi".

Kisha Zanzibar, 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila idhini ya balozi mdogo wa Uingereza. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, manowari zikaanza kulipiga jumba. Dakika 38 na vita vikaisha. Watu wa upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha 500. Khalid na wafuasi wake wachache wakakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka askari nje ya lango usiku na mchana, wamkamate akitia mguu barabarani. Wajerumani wakakataa kumtoa. Ikawa mvutano wa wiki tano, wote wakiwa wamesimama hatua chache kutoka kwa wenzao.

Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani Seeadler ikatia nanga. Wakangoja maji yajae. Maji yalipojaa, mashua yake ikasogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi upande wa bahari, Khalid akavuka kutoka ardhi ya ubalozi akaingia mashuani bila kukanyaga udongo wa Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata baadaye sana, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Wafuasi wa Kylon walitegemea uzi, Khalid alitegemea maji kujaa. Hesabu ni ileile: mkono wa mkamataji unaishia wapi, kwa hatua.

Sheria za sasa nitazipitia haraka, maana wewe unazisikia kila siku. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, Kifungu cha 14, linasema kila mtu ana haki ya kutafuta asylum katika nchi nyingine na kuifaidi. Rasimu ilikuwa imesema kutafuta na kupewa. Uingereza ikapendekeza badiliko, "kupewa" ikaondoka. Maana yake kwako ni hii: unayemfasiria ana haki ya kuomba, na akishapata ana haki ya kustarehe nacho, lakini uamuzi wa kutoa umebaki kwa serikali. Mkataba wa Geneva wa 1951 kuhusu wakimbizi nao umelitaja neno asylum kwenye dibaji tu. Ukisoma vifungu vyenyewe huikuti haki hiyo. Unachokikuta ni Kifungu cha 33, kinachokataza kumrudisha mtu kwenye mipaka ambako uhai au uhuru wake uko hatarini. Kwa maoni yangu Mgiriki wa kale angesoma mkataba mzima bila kuona kitu chake hadi afike kifungu hicho, kisha angesema: kumbe mmekihifadhi hapa.

Haya, tafsiri.

"Hifadhi" ndiyo imekwisha kuzoeleka serikalini, kwenye redio na kwenye mashirika, na sikushauri uiache. Lakini fahamu udhaifu wake. Imetoka Kiarabu, na kiini chake ni kutunza kitu kisipotee. Ndiyo maana aliyehifadhi Kurani tunamwita hafidh. Hapa Tanzania tuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa ajili ya wanyama na mifuko ya hifadhi ya jamii kwa ajili ya pensheni. Neno limebeba mizigo mingi. Miaka kadhaa nyuma nilimfasiria mzee mmoja wa Fizi, kule Kongo, nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Dar, "Mzee, unaulizwa kwa nini unaomba hifadhi." Akanitazama kwa muda, akajibu kwamba hana cha kuhifadhi, vitu vyake vyote vilibaki kijijini. Ofisa alikuwa akisubiri kalamu mkononi. Kama ningelifasiri jibu lile nilivyolisikia bila kurudi kumweleza, lingeandikwa kwamba mzee hana madai.

"Himaya" mwambie mwenzako ailaze. Nayo ni ya Kiarabu, na kwa maana ya kamusi inakaribia kabisa: ulinzi anaopewa mtu na mwenye nguvu. Shida ni historia. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na miaka sita baadaye himaya hiyo ndiyo iliyolipiga jumba mizinga. Uganda ikawa nchi ya himaya mwaka 1894, Kenya 1895. Siku hizi tena himaya limehamia kwenye dola kubwa: Himaya ya Roma, Himaya ya Uajemi. Ukimwambia mkimbizi anaomba himaya, unamwambia anaomba kutawaliwa.

"Ulinzi" hufaa zaidi kwa Kiingereza protection, tena humleta askari mwenye bunduki akilini. (Kwa Waganda linda ni ngoja. Wakimbizi wa Nakivale, kule Uganda, wanaoambiwa wangoje ulinzi wangecheka.)

"Amani" ina siri yake. Katika sheria ya Kiislamu aman ilikuwa ahadi anayopewa mgeni au adui kwamba akiingia hataguswa, wala mali yake. Yaani ilikuwa asylia yenyewe, ile kinga ya Wagiriki ya kutokamatwa, karibu neno kwa neno. Lakini Kiswahili kimeitanua amani hadi ikawa kinyume cha vita, na hatuwezi kuirudisha nyuma kwa sababu ya fomu.

Linabaki "kimbilio". Hili ni letu, la Kibantu, na limeundwa kwa mtazamo wa anayekimbia. Vivyo hivyo Kirundi, kutoka guhunga, kukimbia, kimepata impunzi, mkimbizi, na ubuhungiro, mahali pa kukimbilia. Kila aliyesali kwa Kiswahili analijua kwa Zaburi ya 46, "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu." Kwenye fomu litaonekana la kanisani mno. Kwa mdomo, mbele ya bibi asiyejua neno hata moja la serikali, ni zuri kuliko yote.

Ningekuwa mimi kwenye kiti chako, mara ya kwanza ningesema yote: "Unaomba hifadhi, maana yake unaomba nchi hii isikukamate kwa kuingia kwako, isikurudishe ulikotoka." Kichwa kikishatikisika, kuanzia hapo "hifadhi" peke yake inatosha. Ambaye bado anasubiri uamuzi ni mwomba hifadhi; aliyekubaliwa ni mkimbizi kisheria. Mitaani tunawaita wote wakimbizi na hakuna ubaya, lakini kwenye karatasi tofauti hiyo ni kubwa kama ya mchumba na mke.

Na usiongeze "ya kisiasa" isipokuwa Kiingereza chenyewe kimesema. Magazeti yetu yamezoea "hifadhi ya kisiasa" kila mahali, utadhani ni neno moja. Mkataba wa 1951 una sababu tano, na maoni ya kisiasa ni moja tu. Zipo pia rangi na asili, dini, uraia, na kuwa katika kundi fulani la jamii. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ukaongeza wanaokimbia uvamizi na fujo zilizovuruga nchi, na Wakongo wengi wako hapo. Mama aliyekimbia wenye bunduki waliochoma mtaa wake ukimuuliza kuhusu hifadhi ya kisiasa atakwambia kwa haki kabisa kwamba yeye hajawahi kuwa mwanasiasa, na ofisa ataandika hivyo.

Babu naye mwambie kwamba asailamu yake ni mtoto wa asylum ya hao Wakongo, aliyeondoka nyumbani akabadilisha tabia. Ukipata nafasi muulize walivyoizungumzia Mathari pale ofisini kwao. Wazee wa reli wa umri wake wamebaki wachache, na hayo hayamo kwenye faili.

Kuhusu azili, usimsahihishe mtu. Ni asile ya Kifaransa, ambayo nayo ina maana hizo mbili, ya mkimbizi na ya nyumba ya wagonjwa wa akili. Akisema "naomba azili", wewe sema kwa Kiingereza asylum bila kusita. Ni neno lilelile, limepita Paris badala ya London.